Mtu wa Nane

Chuo cha wilaya yetu hakifungui darasa la watu wazima mpaka wapatikane wanafunzi wanane. Saba hawatoshi. Sheria hiyo naijua tangu ujana, kwa sababu nilisoma masomo ya jioni miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nikitoka mgodini mchana, naoga, nakula, kisha naenda darasani nywele zikiwa bado mbichi. Nimeona madarasa mengi yakifa kwa kukosa mtu mmoja. Kijerumani kilikufa hivyo, na hesabu za juu, na ufundi wa redio. Kila mara nilimlaani huyo mtu mmoja, nikijiuliza ana moyo wa namna gani.

Jina langu ni Emlyn Prosser, lakini katika bonde letu la wachimba makaa ya mawe akina Prosser wamejaa tele, kwa hiyo kila mtu hupewa jina la pili kufuata kazi yake au kasoro yake. Mimi ni Emlyn Kamusi. Nilipewa jina hilo nikiwa na miaka kumi na saba, waliponikuta chini ya ardhi wakati wa kula, mkate mkono mmoja na kamusi mkono wa pili. Nilikuwa nikijifanya kuchukia jina hilo. Kwa kweli nalipenda kuliko lile la ubatizo.

Mwaka juzi, mwezi wa saba, Lowri alikuja kubisha hodi. Lowri ni mjukuu wa marehemu Islwyn, rafiki yangu wa mgodini. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini, anafanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee, akiwalisha na kuwaogesha.

"Babu Emlyn," alisema, "wewe si unajua kila kitu?"

"Si kila kitu. Kupika sijui."

"Hilo kila mtu analijua. Sikiliza. Chuo kikuu wamesema watanichukua nikipata somo moja zaidi la kidato cha sita. Nataka Ustaarabu wa Kale, wale Wagiriki na Warumi. Sasa shule yetu hawafundishi. Nitafutie darasa la jioni, au la wikendi. Nimetafuta mpaka macho yameniuma."

Sikumwambia jinsi nilivyofurahi. Nilimwambia tu aniachie wiki tatu.

Nilipiga simu vyuo sita. Kijana mmoja alinijibu, "Wagiriki? Mzee, tuna kozi ya kucha na kozi ya kupamba keki. Wagiriki wamekwisha." Chuo cha mji mkuu kilikuwa na darasa Jumatano jioni, lakini basi la mwisho la kurudi bondeni huondoka nusu saa kabla darasa halijaisha. Lilikuwapo lingine la kompyuta, unamwona mwalimu kwenye kioo. Lowri alikataa. "Siku nzima naongea na wazee wasionisikia," alisema. "Nataka mwalimu anayesikia."

Mwisho nilimkumbuka Bi. Nesta Gwilym. Alikuwa akifundisha lugha za kale katika shule ya wavulana mpaka walipoifuta idara hiyo, na tangu hapo alikuwa akilima viazi vyake na kugombana na halmashauri. Nilikwenda mpaka mlangoni kwake. Hakunikaribisha hata ndani.

"Wangapi?" aliuliza.

"Mmoja kwa sasa."

"Niletee saba wengine, nitafundisha kila Jumamosi asubuhi mpaka siku ya mtihani. Chuo watatupa chumba cha juu ya maktaba. Wananiogopa."

Tukazunguka, mimi na Lowri. Tulibandika karatasi kanisani, kwenye duka la samaki na viazi, na kwa daktari. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Brychan Bucha, muuza nyama, mtu wa kelele nyingi. Alisema shuleni walimwambia hana akili, naye anataka kuhakikisha kabla hajafa. Wakaja wengine watano. Ilipofika siku ya mwisho ya kuandikisha walikuwa saba, na Lowri ameketi kwenye ngazi za maktaba, uso umemshuka.

"Niandike mimi," nikasema.

Bi. Nesta alinitazama juu ya miwani. "Mzee Prosser, hesabu ya leo si kitu. Mwisho wa Novemba wanahesabu tena. Atakayekosa Jumamosi nne mfululizo bila barua ya daktari, jina lake linafutwa. Wakibaki saba, darasa linafungwa na hawa wenzako wanakosa pa kusomea. Una umri gani?"

"Sabini na tisa. Na sijawahi kuacha darasa maishani mwangu."

Lowri alinikumbatia mbele za watu, na mimi nikarudi nyumbani nikitembea kama kijana.

Mwezi wa kwanza wa darasa ulikuwa mtamu. Nilikuwa nafika wa kwanza, nanoa penseli, nawasaidia wengine majina magumu. Bi. Nesta akiuliza swali, macho yote yalinigeukia mimi. Nakiri nilikuwa nikisubiri sekunde chache kabla ya kujibu, ili kimya kikolee.

Kisha tukaandika insha ya kwanza. Swali lilihusu kitabu chetu teule cha Kigiriki: tunawajuaje watu wema na waovu kwa namna wanavyompokea mgeni mlangoni? Niliandika kurasa kumi na nne kwa mwandiko wangu bora. Niliandika habari za wageni, lakini pia za barabara za Kirumi, za chumvi, za merikebu, za madini ya risasi ambayo Warumi waliyachimba katika milima hii hii yetu. Nilitia kila nilichokikusanya kwa miaka sitini. Nilipoikabidhi nilimwonea huruma Bi. Nesta, maana niliona atapata shida kuipa alama ya kutosha.

Ilirudi na alama nane kati ya thelathini. Chini aliandika kwa wino mwekundu: *Mengi, na mengine mazuri. Hujajibu swali.* Lowri alipata ishirini na sita.

Hayo ningeyavumilia. Lakini Bi. Nesta alisoma aya moja kwa sauti, bila kutaja jina, atuonyeshe jinsi mtahiniwa anavyopotea njia. Ilikuwa ile aya ya machimbo ya risasi. Nani mwingine katika chumba kile angeandika habari za machimbo?

"Loo!" Brychan akasema. "Maskini mgeni, ameshushwa mgodini kabla hajapewa hata chai!"

Wakacheka wote. Bi. Nesta alicheka. Lowri naye alicheka, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika.

Nilicheka pamoja nao. Nilifunga mfuko wangu taratibu, nikaaga vizuri, na Jumamosi iliyofuata sikwenda.

Saa sita mchana simu ililia.

"Babu Emlyn, uko wapi? Unaumwa?"

Sikuwa nimeandaa neno. Nikasema, "Kifua."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Vumbi?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi. Neno moja, hapana, lingetosha. Badala yake nilikohoa.

Inafaa nieleze vumbi ni nini kwetu, ili msomaji asinionee huruma. Islwyn alikuwa mtoboaji wa miamba. Mimi nilikuwa fundi umeme, nikiingia na kutoka. Yeye alivuta vumbi la makaa ya mawe na la miamba miaka ishirini na saba, na lilipomkamata lilimuua polepole, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba, dirisha moja baada ya jingine. Miaka miwili ya mwisho alilala ameketi. Lowri alikuwa na miaka kumi na moja, ndiye aliyekuwa akiburuta mtungi wa hewa nyuma ya babu yake alipotaka kwenda kuona bustani. Nilibeba jeneza lile. Niliyaona yote hayo, na bado nilikohoa.

Mapafu yangu mimi yalipimwa majira ya kuchipua. Daktari alisema ningeweza kupiga tarumbeta.

Jioni ile Lowri alikuja na supu ya kondoo na liki, mboga ya jamii ya kitunguu, aliyoipika mama yake, Mererid, binti wa Islwyn. Alileta pia somo lote la siku ile, amelinakili kwa mkono. Alivuta kiti karibu na changu akanifundisha kama alivyofundishwa, kwa subira. Nilipotaka kuuliza alinizuia.

"Usiongee, Babu. Pumua tu. Mimi nitasema, wewe utaitika kwa kichwa."

Nikaitika kwa kichwa.

Jumamosi ya pili alikuja tena, na supu tena. Alijua namna ya kunipangia mito mgongoni. Hakuhitaji kujifunza, alikuwa anakumbuka. Aliniambia, "Mama anasema ukizidiwa tupigie simu, saa yoyote. Anasema tulichelewa kwa babu, kwako hatutachelewa." Alipoondoka nilikaa na lile bakuli mapajani mpaka supu ikaganda. Nilijiambia Jumamosi ijayo nitasema nimepata nafuu. Lakini mtu wa vumbi hapati nafuu. Bondeni kwetu hata mtoto mdogo anajua. Nilichagua ugonjwa pekee usiopona.

Jumamosi ya tatu alifika uso umekunjamana.

"Karani wa chuo alikuja leo," alisema. "Wiki ijayo ndiyo hesabu. Itakuwa ya nne kwako. Ila ukiwa na barua ya daktari, jina linabaki. Nitampitia Jumatatu nikuombee."

"Daktari yuko likizo," nikasema haraka. Uongo ni kama panya, haukai mmoja.

"Yupo mwingine."

"Huyo hanijui. Lowri, niache nife na heshima yangu, nisiwe mtu wa kuombewa barua."

Aliinama akafikiri. Alikuwa na sura ya Islwyn alipokuwa akitafuta njia ya kuupita mwamba. "Sawa," akasema. "Bila barua, basi. Tutakubeba. Mjomba Hywel na Brychan watakuja na kiti. Wewe ulimbeba babu yangu, acha nasi tukubebe mara moja. Ukae darasani saa moja tu, karani aone mtu wa nane, halafu tunakurudisha kitandani."

"Na kama sitakuja?"

"Darasa linafungwa. Mwakani nitakuwa palepale nawaosha wazee." Akatabasamu. "Si kwamba nawachukia wazee."

Nilikuwa na siku saba za kusema kweli. Nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Siku ya Jumanne nilifika mpaka kwenye geti lao, nikamwona Mererid dirishani akimenya viazi kwa ajili yangu, nikageuka.

Jumamosi saa tatu na nusu walikuja. Hywel, kaka yake Mererid, ni dereva wa lori la taka, mtu mzima wa miaka hamsini na nane. Walikuwa na kiti cha mbao chenye mikono, wamekifunga miti miwili kwa kamba. Lowri alinifunika blanketi, akachukua mfuko wangu wa vitabu begani kwake.

"Haya, Kamusi," Brychan alisema, "leo unabebwa kama mfalme wa Warumi. Ukianguka usitoe hotuba."

Wakanibeba barabarani. Ilikuwa siku ya soko. Watu walisimama. Mwanamke mmoja aliyefiwa na mume kwa vumbi alijifuta macho. Mzee Gwyndaf, ambaye mapafu yake ni mabovu kwelikweli na hutembea na mtungi wake, alivua kofia nilipopita. Alinivulia kofia mimi. Nilitazama magoti yangu.

Ngazi za maktaba ni za mawe, nyembamba, zimesimama kama ukuta. Walipanda kwa shida.

"Mgonjwa gani mzito hivi!" Brychan alihema. "Hii ni kamusi nzima, na ramani zake!"

"Nyamaza ubebe," Hywel akasema. Uso wake ulikuwa umeiva. Kwenye sakafu ndogo ya katikati ya ngazi alisimama, akaegemea ukuta, akaweka kiganja kifuani, akivuta pumzi kwa mdomo. Jasho lilimtiririka. Lowri alisema, "Mjomba, pumzika," kisha akaniinamia mimi, mimi niliyekuwa nimekaa, akauliza, "Babu, unapata hewa?"

Nikasema, "Nishusheni."

"Bado ngazi chache tu."

"Nishusheni chini. Siumwi."

Brychan akacheka, akadhani namalizia mzaha wake. Nikaondoa blanketi, nikasimama.

"Kifua changu kizima," nikasema. "Hakijawahi kuumwa. Nilidanganya."

Chini tulisikia kelele za soko, mtu akinadi makabichi.

"Sielewi," Lowri alisema.

"Ni ile insha. Niliona aibu nikakaa nyumbani. Ulipopiga simu sikuwa na la kusema."

"Insha ipi?"

"Ile ya mgeni. Nilipata nane. Mlinicheka wote."

Aliwaza, nikaona kwamba ilimbidi aitafute kichwani. Nilikuwa nimelala na kicheko kile majuma manne, na yeye alikuwa amekisahau kabla hajafika nyumbani.

"Lakini ulikohoa," alisema. "Nilikusikia mwenyewe."

"Nilijikohoza."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

Hywel, bado ameegemea ukuta, akasema taratibu, "Emlyn, kama si umri wako ningekurusha kutoka hapa ulipo." Brychan aliinama. Alianza kufungua kamba za kiti.

Lowri aliushusha mfuko wangu begani, akauweka sakafuni mbele ya miguu yangu. Hakuutupa. "Majina yanaitwa saa nne kamili," akasema. "Panda mwenyewe." Akapita mbele yangu akapanda, wala hakugeuka nyuma.

Nilipanda. Karani wa chuo alikuwa ameketi pembeni na daftari la mahudhurio. Bi. Nesta aliita majina, wa nane nikaitika. Karani alituhesabu kwa ncha ya kalamu, akaandika, akatutakia siku njema. Ndivyo darasa lilivyopona. Lilikuwa jambo la dakika tatu.

Baada ya somo nilimfuata Lowri mlangoni nikaanza kuomba msamaha. Alinikatiza.

"Usianze na mimi. Mimi nilikuwa naandika tu. Mama ndiye aliyekuwa anapika na kulia. Nenda kwake."

Mererid alikuwa akipiga pasi. Niliyasema yote nimesimama, maana hakuniambia niketi. Hakukatiza. Nilipomaliza aliendelea na kola ya shati mpaka ikanyooka, kisha akaisimamisha pasi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Hivyo ulivyokohoa. Hapa, mbele yangu. Nimesikia kikohozi kile miaka saba kupitia ukuta wa chumba changu, nataka nione ulikipatia kiasi gani."

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilisimama pale, mzee wa miaka sabini na tisa mwenye mapafu mazima, nikaona haya hata kuvuta pumzi kwa nguvu.

"Darasa linaendelea?" aliuliza.

"Linaendelea."

"Basi utakaa humo mpaka mwanangu amalize. Na ukiumwa kweli, nenda hivyohivyo."

Nilikaa humo. Mwezi wa Januari nilishikwa na homa ya kweli, meno yakigongana, nikaenda hivyohivyo. Hakuna aliyeniuliza hali. Brychan alinisogezea leso bila kunitazama, na nilishukuru. Lowri alizungumza nami kila juma, kwa adabu, kuhusu vitabu teule na tarehe za mtihani. "Babu Emlyn" liligeuka "Mzee Prosser", na hakuna mtu aliyegundua isipokuwa mimi.

Mwezi wa Juni tulifanya mtihani sote wanane katika ukumbi wa chuo, tukiwa tumesajiliwa kama watahiniwa wa kujitegemea, kila mtu na meza yake. Matokeo yalitoka Agosti. Lowri alipata alama ya juu kabisa. Mimi nilifaulu kwa kuponea chupuchupu, na walioniuliza niliwaambia hivyo, bila kuongeza.

Lowri aliondoka Septemba kwenda chuo kikuu, kwa basi la asubuhi, na masanduku mawili na begi la vitabu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, nje ya bucha la Brychan, maana sikualikwa kusimama karibu zaidi. Mererid aliniona, akamwambia binti yake neno. Lowri alitazama upande wangu, akanyanyua mkono kama tunavyomnyanyulia mtu yeyote wa bonde hili tunayemfahamu kwa sura. Mimi nikaupunga wangu. Basi likapinda kona. Mzee Gwyndaf alikuwa akija kwenye njia ya miguu na mtungi wake, akisimama kila baada ya hatua tano, nami nikashuka barabarani ili apate nafasi ya kupita.